Maziwa ya Chatu

Yapo makosa ambayo mtu huyatenda utotoni, akayasahau ujanani, kisha yakamrudia uzeeni yakiwa na sura nyingine kabisa. Langu mimi linahusu chatu. Nitalieleza kama lilivyokuwa, bila kujipamba, kwani bila kisa hicho nisingalijishughulisha hata siku moja kutafuta jinsi watu wa pande hizi za Ziwa Viktoria walivyomlisha nyoka huyo hapo zamani, na jinsi wanaomfuga leo wanavyomlisha. Historia ya chakula cha chatu haifundishwi shuleni. Hata hivyo imenifundisha jambo kuhusu wazee wetu ambalo shule ilikaribia kuninyang'anya.

Mwaka 1966 nilikuwa na umri wa miaka 11. Tulikaa katika kijiji kimoja cha Muleba, chini ya vilima vya Kamachumu, mahali ambapo ukisimama kwenye ukingo wa kibanja unaliona ziwa. Mkoa wetu wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979, vita ya Idi Amin ilipokwisha. Bibi mzaa mama alikuwa akiishi nasi. Yeye alizaliwa Buddu, upande wa Uganda, akaolewa Kiziba, kaskazini ya mji wa Bukoba, na alipofiwa na mumewe akahamia kwa binti yake. Msomaji asiistaajabie safari hiyo. Mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliafikiana mwaka 1890 ulikatiza katikati ya watu waliokuwa wakioana na kuuziana vitu tangu zamani, na haukuwazuia kuendelea kuoana.

Usiku, tukiisha kula ndizi na maharage, Bibi alitusimulia hadithi kando ya moto. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya ttimba, yaani chatu kwa Kiganda. Huko kwao Buddu, alisema, kando ya mto unaoingia ziwani, palikuwa na nyumba kubwa ya msonge, sakafu yake imetandikwa nyasi zenye harufu nzuri. Ndani yake aliishi chatu mkubwa aliyeitwa Selwanga. Mwanamke asiye na mume alipewa kazi ya kumtunza. Kila siku mwanamke huyo alikamua maziwa ya ng'ombe waliotengwa kwa kazi hiyo, akayatia katika bakuli la mti, akamshikia yule nyoka naye akanywa. Waliokosa watoto walikwenda kumwomba, na wavuvi walikwenda kumwomba samaki. Nilikuwa nikilala hapo, na yule nyoka akinywa maziwa kwa adabu kama mgeni wa heshima.

Mwaka huo huo, katika majira ya mvua, tulikuwa tukifyeka majani karibu na kichuguu cha zamani, tukakuta mtoto wa chatu. Urefu wake haukupita mkono wangu na mabega yake hayakuwa mapana kuliko kidole gumba. Wenzangu walitaka kumponda kwa jembe. Mimi nilimtupia gunia nikamchukua. Nilimtia katika debe tupu la mafuta ya taa lililotobolewa matundu, nikafunika kwa ubao na jiwe, nikaliweka ndani kabisa ya kibanja, chini ya migomba, mahali ambapo jua halifiki. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Kila asubuhi nilibakiza nusu ya maziwa yangu nikampelekea katika kifuu cha nazi ambacho mtu alituletea kutoka pwani. Siku chache za mwanzo nilidhani anayanywa, kwa kuwa yalipungua. Huenda siafu ndio waliofaidi. Wiki ya tatu nilimwona amelegea, nikaiba kifaranga cha Bibi nikamtumbukiza ndani ya debe. Asubuhi kifaranga hakikuwapo, na nyoka alikuwa na uvimbe katikati ya mwili. Furaha ilinizidi. Nilimtoa, nikamvisha shingoni, nikampeleka kwa wenzangu, kila mmoja akamshika kwa zamu. Jioni alikitapika kifaranga kikiwa kizima, kinanuka. Nilirudia mara mbili, vifaranga viwili, na mara zote mbili mambo yakawa yale yale. Wiki ya saba nilimkuta amekufa, amejiviringisha pembeni mwa debe kama kamba iliyosahauliwa. Nilimzika chini ya mbuni.

Bibi alipouliza vifaranga vyake vimekwenda wapi, nilijibu kwamba vilichukuliwa na mwewe.

Baadaye nilisoma, nikawa mwalimu. Miaka ya sabini ilikuwa miaka ya kampeni za kisomo, na sisi walimu tulijihesabu askari wa mbele katika vita dhidi ya ujinga. Ninakiri hapa kwamba mara nyingi, nikifundisha sayansi, nilimtumia bibi yangu kama mfano. Niliwaambia wanafunzi kwamba yupo mwanamke mmoja asiyejua kusoma anayeamini kwamba nyoka hulishwa maziwa, na kwamba imani ya namna hiyo huua. Darasa lilicheka. Mimi nilicheka nao.

Likizo moja nilimweleza mwenyewe. Alikuwa amezeeka sana, ameketi mlangoni akipepeta maharage. Nilimwambia kwa lugha ya mtu msomi kwamba hadithi yake ya Buddu ilisababisha kifo cha mnyama, na nikataja debe, na maziwa, na vifaranga. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe hakuwa mwewe." Akaendelea kupepeta. Nilipodhani amemaliza, akaongeza, "Mjukuu wangu, wewe ulikuwa ukilala."

Nililichukua jibu hilo kuwa la mzee asiyekuwa na la kusema. Bibi alifariki mwaka 1981.

Mwaka 1992, nikiwa masomoni, nilikutana na kitabu cha John Roscoe kiitwacho The Baganda, kilichochapishwa London mwaka 1911. Roscoe alikuwa mmisionari wa Kiingereza wa CMS aliyekaa Uganda kwa miaka mingi, akawahoji wazee kuhusu mila zao kabla hazijatoweka. Mwaka 1909 alikuwa tayari ameandika makala kuhusu ibada ya chatu. Nilikuwa natafuta jambo jingine, nikafungua ukurasa nikaliona jina la Selwanga. Nilisoma nimesimama, katikati ya makabati ya vitabu.

Yote yalikuwamo. Buddu, mto, ziwa, nyumba ya msonge, nyasi zenye harufu nzuri. Mwanamke asiyeolewa. Ng'ombe waliotengwa, bakuli la mti, maziwa. Sherehe za siku saba mwezi ulipoandama, wakati ambapo kazi zote zilisimamishwa, na watu waliotaka watoto wakaja na sadaka zao. Bibi hakuwa amekosea popote. Lakini hadithi haikuishia kwenye bakuli. Nyumba ile ilikuwa na tundu ambalo chatu alitoka nalo apendapo. Akiisha kunywa maziwa yake alishuka mtoni, na huko alijiwindia, na kuku na mbuzi walifungwa ukingoni kwa ajili yake.

Hapo nilifunga kitabu. Wewe ulikuwa ukilala.

Kwa maneno mengine, watu wa Buddu walijua vizuri kabisa kwamba chatu hula nyama. Maziwa yalikuwa heshima, kama kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni Uhayani kabla ya maongezi. Hakuna Mhaya anayedhani kwamba mgeni wake atashiba kwa punje mbili za kahawa. Chakula chenyewe huja baadaye. Chatu wa Selwanga alipewa kahawa yake sebuleni, kisha akaenda kula mtoni, kwenye jua, kwa wakati wake, bila watoto wa kumvisha shingoni. Mimi nilichukua heshima nikaigeuza lishe, kwa sababu usingizi ulinikamata kabla ya nusu ya pili. Kisha, baada ya kuua kwa nusu ya maarifa, nikasimama darasani nikasema kwamba aliyekuwa na nusu tu ni Bibi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia jinsi mataifa mengine yalivyomlisha nyoka, na karibu kila mahali nimeona desturi hii ya vyakula viwili. Wayunani wa Athene waliamini kwamba nyoka mkubwa analinda ngome yao, na kila mwezi walimwekea mkate wa asali. Herodoto anaeleza kwamba Waajemi walipokaribia mwaka 480 kabla ya Kristo, mkate ule ulikutwa haujaguswa, na watu wakakubali kuuhama mji kwa kuona kwamba hata mungu wao amekwisha ondoka. Nyoka gani duniani anakula mkate? Lakini haikuwa kazi ya mkate kumlisha. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu njia ya kuzungumza na yule aliye gizani. India, katika sikukuu ya Nag Panchami, nyoka hutolewa maziwa hadi leo. Huko Ouidah, katika nchi ya Benin, lipo hekalu la chatu wadogo wa aina ya Afrika Magharibi. Hao hufunguliwa wakajitafutie chakula, na akiingia nyumbani mwa mtu hurudishwa kwa upole.

Hata hapa karibu, chatu hakuwa wa Waganda peke yao. Wasukuma wanacho chama cha mafundi wa nyoka, Bayeye, wenye kujua dawa za sumu, na katika ngoma zao chatu huchezeshwa mbele ya umati. Aliyefika Bujora, karibu na Mwanza, ameona. Ng'ambo ya ziwa, Waluo wa Kenya wana Omieri, chatu ambaye kuja kwake huhesabiwa kuwa ni habari ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 Omieri mmoja alibabuliwa na moto wa nyasi, akachukuliwa kutibiwa, akafa, na kifo chake kilizua maneno mengi kati ya wenyeji na wataalamu. Watu waliolizunguka ziwa moja walimwogopa mnyama mmoja na kumheshimu, kila mmoja kwa namna yake.

Wazungu walipofika walikuja na mtazamo mwingine. Emin Pasha, aliyekiweka kituo cha Wajerumani hapo Bukoba mwaka 1890, alikuwa daktari na mkusanyaji hodari wa ndege na wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya. Simlaumu, elimu nyingi tuliyonayo ilianzia kwenye chupa za spiriti za watu kama yeye. Hata jina la kisayansi la chatu wetu, Python sebae, limetokana na Albertus Seba, mwuza dawa wa Amsterdam aliyekusanya viumbe wa ajabu kutoka kila bahari katika karne ya 18. Ila nyoka aliye ndani ya chupa haulizwi amekula nini. Wala ngozi haiulizwi, na ngozi za chatu wengi wa Afrika zilikwenda kuwa viatu na mikoba. Mkataba wa kimataifa wa CITES wa kusimamia biashara ya viumbe walio hatarini ulianza kutumika mwaka 1975, na Tanzania ikajiunga mwaka 1979.

Baada ya ngozi ikafuata biashara ya nyoka hai. Watu wa Ulaya na Marekani walianza kuwapenda nyoka wakubwa na kuwafuga majumbani, na wanyama wengi wa namna hiyo, chatu wakiwamo, walisafirishwa kutoka Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizouza. Hapo ndipo swali la Buddu liliporudi likiwa limevaa nguo mpya: nyoka huyu sasa anakaa na mtu, atalishwaje?

Jibu nililipata mwaka 2007, nilipokwenda kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyehamia Uholanzi. Nilipofika nikakuta sebuleni kwake kabati la kioo, na ndani yake nyoka wa urefu wa mita 2 hivi. Hakuwa chatu wetu. Alikuwa boa, yule ambaye Linnaeus alimwita Boa constrictor mwaka 1758, mwenyeji wa Amerika ya Kati na ya Kusini. Kwa mbali wanafanana: wote wawili hawana sumu, wote hukaba mawindo yao kwa kujizungusha. Tofauti moja kubwa ni kwamba chatu hutaga mayai na kuyazungushia mwili wake, ilhali boa huzaa watoto walio hai.

Nilimwambia mpwa wangu kisa cha debe. Hakucheka. Alinyanyuka akaleta daftari.

Katika daftari lile alikuwa ameandika maisha yote ya nyoka yule tangu aliponunuliwa akiwa na urefu wa sentimita 50: tarehe ya kila mlo, uzito wa mlo, uzito wa nyoka, tarehe aliyojivua gamba, siku aliyokataa kula. Mwanzoni alipewa kitoto cha panya kila wiki. Alivyokua, mlo ukawa mkubwa zaidi lakini mara zikapungua, na sasa alikula panya mmoja mkubwa kila baada ya wiki tatu au nne. Kipimo chake kilikuwa rahisi hata mkulima wa Muleba angekishika: mlo usiwe mnene kuliko mahali penye unene zaidi katika mwili wa nyoka mwenyewe. Panya walinunuliwa wakiwa wamegandishwa, wakayeyushwa, wakapashwa moto kidogo. Hakuweka panya hai kabatini, kwa kuwa panya mwenye hofu humng'ata nyoka na kumtia vidonda vibaya.

"Na akiisha kula?" nikauliza.

"Akiisha kula, Mjomba, hakuna kumgusa siku mbili au zaidi. Ukimbeba na chakula tumboni atatapika."

Kisha akanionyesha vipimajoto viwili. Upande mmoja wa kabati ulikuwa na joto la nyuzi 31 za Selsiasi, upande mwingine 25, na nyoka alijihamisha mwenyewe kutafuta kilichomfaa. Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake kama wetu. Hulipata kutoka nje. Bila joto chakula hakimeng'enyeki. Hukaa tumboni kikaoza, na nyoka akiwa na bahati hukitapika kabla hakijamuua.

Nilikaa kimya. Bukoba na Muleba ziko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yetu ni nyingi. Mchana wa kawaida ni nyuzi 25 au 26, usiku hushuka hadi 17 au chini yake, na chini ya migomba wakati wa mvua ni baridi kama kisimani. Chatu wa porini hapa kwetu huota jua juu ya mwamba au kichuguu akashibisha mwili wake joto, kisha akaingia shimoni. Mimi nilimfungia ndani ya chuma, kivulini, nikamnyima jua, nikamlisha, nikamzungusha kijijini. Maziwa hayakuwa na kosa kubwa. Matumbo ya nyoka hayakuumbwa kwa maziwa, na nyoka mwenye kiu hunywa kimiminika chochote. Maji safi yangemtosha. Hata njaa ya wiki tatu haikuwa hatari kama nilivyodhani. Kilichomuua ni ubaridi na mikono yetu.

Nilimwuliza mpwa wangu ni kosa gani kubwa la wafugaji wa kule, kwani wao wana joto la umeme na vitabu. Jibu lake sikulitazamia. Alisema wengi huwaua nyoka kwa kuwashibisha. Mtu anataka nyoka wake awe mkubwa upesi ili aonekane, basi anamlisha kila anapofumbua kinywa. Nyoka hukua kweli, haraka haraka, lakini hunenepa ndani, ini likajaa mafuta, na anakufa mapema. Porini nyoka hana mlo wa kila Jumamosi. Ana siku ya neema, kisha ana wiki nyingi za kungoja, na mwili wake umejengwa kwa kungoja huko.

Wanasayansi wameyathibitisha mambo hayo kwa njia ya kustaajabisha. Kuanzia miaka ya tisini, Stephen Secor na Jared Diamond huko Marekani walichunguza chatu wa Asia na kuona kwamba anapofunga, matumbo yake husinyaa, na anapokula hukua upya. Kiasi cha nguvu anachotumia huweza kupanda zaidi ya mara 40. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba hata moyo wake huongezeka kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya mlo mkubwa, kisha hurudi ulivyokuwa. Kwa chatu kula ni kazi nzito. Anayemlisha kila siku anamlazimisha kufanya kazi hiyo bila kupumzika.

Nimesoma jingine la karibu zaidi na kwetu. Mwaka 2018 Graham Alexander wa Afrika Kusini alichapisha utafiti wake juu ya chatu wa kusini mwa Afrika, ndugu wa huyu wetu. Aliona kwamba mama huota jua, ngozi yake ikiwa imegeuka nyeusi ili inyonye joto, kisha hurudi shimoni kuyapasha mayai. Watoto wakianguliwa hukaa nao karibu wiki mbili, wakilala usiku katika mizunguko ya mwili wake. Muda wote wa uzazi hali kitu, na huweza kupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Nilipoyasoma haya nilikumbuka kile kichuguu cha mwaka 1966. Huenda mama yake yule mdogo alikuwa bado yumo ndani, amekonda, akimngoja arudi kulala. Sijui kwa nini wazo hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Wakubwa husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na nilizoea kuifafanua methali hiyo kama onyo dhidi ya kudekeza. Sasa naiona kwa upande wa pili pia. Huwezi kumlea vyema usiyemjua. Upendo wangu kwa nyoka yule haukuwa na kasoro. Nilimpa nusu ya maziwa yangu, na katika nyumba yetu maziwa hayakuwa mengi. Lakini nilimpa nilichokipenda mimi, mahali nilipopachagua mimi, kwa saa iliyonifaa mimi. Yule mwanamke wa Buddu alimpa kilichompendeza binadamu, kisha akamwachia tundu ukutani. Mpwa wangu anayo mizani na daftari badala ya tundu. Wote wawili walimwachia mnyama nafasi ya kuwa nyoka, na wote wawili walijua kungoja.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kijana yeyote wa Muleba asome haya akaenda kutafuta kichuguu. Chatu wa porini ni mali ya taifa, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata wala kumfuga bila kibali. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Marekani nayo mwaka 2012 ilizuia kuingizwa kwa chatu wa Afrika na wale wa Burma, baada ya chatu wa Burma walioachiwa na kutoroka kuzaliana katika mabwawa ya Florida na kuwala wanyama wa huko. Wafugaji wale walitaka kitu kidogo cha kuonyesha. Kilipokuwa kikubwa hawakukitaka tena. Chatu akiachwa mahali pake, hula panya na ndezi wanaoharibu mashamba yetu, na hahitaji kulishwa na mtu. Naye mfugaji asiogopwe kwa sababu tu anafuga nyoka. Aulizwe kama anaandika daftari.

Lile ninalolijutia zaidi si nyoka. Nilikuwa mtoto, na watoto huua kwa kutokujua. Ninajutia kile kicheko cha darasani. Mamia ya watoto walipita mikononi mwangu wakiamini kwamba bibi asiyejua kusoma hana cha kumfundisha mtu, na mimi ndiye niliyewapa ushahidi. Bibi alikuwa na hadithi nzima. Aliibeba kutoka Buddu hadi Kiziba, na kutoka Kiziba hadi Muleba, bila kudondosha hata nyasi za sakafuni. Ilinibidi kwenda kuichukua nusu ya pili kwa mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa macho wakati wazee wakiisimulia.

Wajukuu wangu wanapokuja likizo huniomba hadithi ya chatu wa Selwanga. Huwasimulia usiku kama nilivyosimuliwa, ila nimebadili mpangilio. Naanza na mto: jua ukingoni, kuku waliofungwa, nyoka anayeshuka polepole kutoka katika tundu la ukuta. Bakuli la maziwa naliweka mwisho. Kwa kawaida, nikilifikia, mdogo kuliko wote huwa amekwisha lala.